Alama za upungufu wa lishe katika mifupa ya kale

Mtaalamu wa mifupa ya kale anapoandika kwamba fuvu fulani lina alama za upungufu wa lishe, hana maana kwamba ameuona ugonjwa wenyewe. Ugonjwa huo ulikuwa katika damu, katika ufizi na katika misuli, na vyote hivyo vilikwisha kuoza zamani. Kilichosalia ni mfupa, nao una njia chache tu za kuonyesha kwamba ulipata taabu: huongezeka, hupungua, hupinda au hutoboka. Kwa hiyo alama ya upungufu wa lishe ni badiliko la mfupa lililotokea mtu akiwa hai, kwa sababu mwili wake ulikosa kirutubishi ulichokihitaji. Ugumu wote wa kazi hii umo katika maneno hayo mawili, "kwa sababu", maana badiliko huonekana kwa macho lakini sababu yake haionekani.

Mfano ulio bora umetoka Tanzania. Katika Bonde la Olduvai, ambalo asili ya jina lake ni neno la Kimasai la mkonge mwitu unaoota huko, kundi la watafiti lililoongozwa na Manuel Domínguez-Rodrigo wa Hispania, akiwamo Mtanzania Audax Mabulla, lilipata vipande vya fuvu la mtoto aliyefariki akiwa na umri wa kama miaka miwili, yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 2012, na kisukuku hicho hujulikana kwa namba OH 81. Vipande vyenyewe ni vidogo, vya mfupa wa upande wa juu wa kichwa, na mahali ambapo mfupa wa mtoto mwenye afya ungekuwa laini pana vitundu vidogo vilivyosongamana, mfano wa uso wa vibibi vinapoiva kikaangoni. Hali hiyo huitwa hiparostosisi ya vitundu. Ikitokea kwenye paa la tundu la jicho huitwa kribra orbitalia, na hilo neno kribra ni la Kilatini lenye maana ya machekeche.

Vitundu hivyo huanzia ndani. Mfupa wa fuvu una matabaka mawili magumu, la nje na la ndani, na katikati yake pana mfupa wenye matundu kama sifongo ambamo, kwa mtoto mdogo, uboho mwekundu hutengeneza damu. Damu inapopungua, uboho hulazimika kuongeza kazi, hutanuka kwa kukosa nafasi, na tabaka la nje huzidi kuwa jembamba mpaka likatoboka. Mtu mzima ana uboho wa akiba mahali pengine mwilini, ndiyo maana alama hii hujengeka utotoni. Ikionekana kwa mtu mzima, mara nyingi kingo za vitundu zimekwisha kulainika na kujaa, nayo ni kovu la taabu aliyoipata akiwa mdogo.

Swali ni kilichoipunguza damu. Kwa miaka mingi jibu la kawaida lilikuwa ukosefu wa madini ya chuma. Mwaka 2009 mtaalamu wa mifupa ya kale Phillip Walker na wenzake walilipinga, wakieleza kwamba mwili usio na chuma hauwezi kutengeneza chembe nyekundu kwa wingi wa kuutanua uboho kiasi hicho. Wao walielekeza kidole kwenye upungufu wa vitamini B12, ambayo hupatikana katika vyakula vitokanavyo na wanyama. Si wote waliokubali, na mjadala unaendelea. Watafiti wa Olduvai waliifuata njia hiyo ya pili: mtoto alikuwa katika umri wa kuachishwa ziwa, kwa hiyo ama maziwa ya mama yake yalikuwa hafifu kwa kuwa mama mwenyewe hakupata nyama, ama aliachishwa kisha akakosa chakula cha kutosha cha wanyama. Wakahitimisha kwamba wakati huo wahenga wetu walikwisha kuitegemea nyama. Mimi nauona ushahidi wa kwamba mtoto yule aliugua kuwa na nguvu kuliko hitimisho hilo, kwani kipande kimoja cha fuvu ni kidogo mno kubeba habari za mlo wa jamii nzima, na uboho hutanuka pia kwa maradhi ya damu ya kurithi kama seli mundu na thalasemia.

Kiseyeye na matege huacha alama za namna nyingine. Katika kiseyeye, mwili usio na vitamini C hushindwa kuijenga kolajeni, yaani protini inayoshikamanisha tishu za mwili, mishipa midogo huvuja damu, na penye misuli ya kutafunia, karibu na panja, mfupa hutoboka na kuota tabaka jipya lisilo imara. Matege, yatokanayo na upungufu wa vitamini D, huacha mifupa milaini inayopinda kwa uzito wa mwili, ya miguu ikiwa mtoto ameanza kutembea, ya mikono ikiwa bado anatambaa.

Kabla ya yote hayo mchunguzi huhakikisha kwamba vitundu havikuletwa na udongo au mizizi baada ya maziko. Kisha hukutana na fumbo ambalo wataalamu walilieleza wazi mwaka 1992: mfupa huchukua muda kubadilika, hivyo mtoto aliyefariki upesi kwa njaa huacha mifupa safi, na mwenye alama ni yule aliyehimili kwa muda. Kaburini, mifupa isiyo na doa inaweza kuwa ya aliyeshiba au ya aliyekufa mapema mno. Ili kuwatenganisha, huangaliwa pia meno, kwa sababu enameli, yaani tabaka gumu la nje ya jino, haijirekebishi kama mfupa, na mfereji mwembamba unaokatiza jino huonyesha umri ambao ukuaji wa mtoto ulisimama kwa muda, kisha ukaendelea.