Kuangalia chini si ushahidi wa uongo

Wengi huamini kwamba mtu anayekwepa kukutazama machoni anadanganya. Tafiti za saikolojia hazijaiona dalili hiyo kuwa ya kutegemewa. Kwa kumtazama na kumsikiliza msemaji tu, watu hupatia nani mkweli na nani mwongo takriban mara 54 kati ya 100, karibu sawa na kurusha sarafu. Tena huku kwetu kijana huinamisha macho mbele ya mkubwa kwa adabu, na inauma sana kuona mtoto akiadhibiwa kwa heshima aliyofunzwa nyumbani.

Ukiwa na shaka, mwache mtu asimulie yote bila kumkatiza. Kisha uliza yanayoweza kuthibitishwa: alikuwa na nani, risiti iko wapi, ujumbe ulitumwa saa ngapi. Hao aliowataja nao waulize, kila mmoja peke yake.