Ati "stori ya ukweli": uongo tunaouziana kuhusu muvi za kutisha

Ukienda kwa wale majamaa wa kukujazia muvi kwa flashi pale mtaani, hakuna ya kutisha utauziwa bila chumvi. "Chukua hii, ni stori ya ukweli, huyo jamaa bado ako jela Texas." Na sisi tunatoa pesa, tunaenda kuangalia usiku taa zikiwa zimezimwa, halafu kesho yake tunampelekea mtu mwingine hiyo hiyo stori na chumvi yetu juu. Mimi hizi muvi ni ugonjwa wangu, kuanzia za watu kutekwa na viumbe wa angani mpaka za jamaa wa kisu na maski, na nimechoka kuskia maneno yale yale kila tukikaa kwa keja ya mtu wikendi. So wacha tuyapitie. Ntaharibu mwisho wa muvi kadhaa hapa, lakini nyingi zina umri wa baba zenu, msinililie.

Ati ile ya msumeno ilifanyika Texas

The Texas Chain Saw Massacre, 1974. Hii ndio nyanya ya huo uongo wote. Inaanza na sauti nzito ikisomea watu kwamba yale wanaenda kuona yalitokea tarehe 18 Agosti 1973. Sasa piga hesabu: muvi yenyewe ilikuwa inarekodiwa Texas msimu huo huo wa joto wa 1973, kamera zilianza mwezi wa saba, yaani walianza kurekodi mauaji kabla hata tarehe ya mauaji haijafika.

Kile kitu kilikuwa cha ukweli ni mtu mmoja anaitwa Ed Gein, na huyo hakuwa Texas, alikuwa kijiji cha Plainfield, Wisconsin, kaskazini kabisa kwenye baridi. Alishikwa 1957. Alikiri kuua wanawake wawili, na mengine yote yalikuwa kufukua makaburi na kushona vitu na ngozi ya watu. Hakuwa na msumeno, hakuwa na familia ya wala watu, alikuwa anaishi peke yake kwa nyumba ya marehemu mamake. Huyo huyo Gein ndio walimchukua wakamtoa Norman Bates wa Psycho, na pia yule jamaa wa kushona ngozi ndani ya The Silence of the Lambs. Mtu mmoja, muvi tatu, na zote hazifanani.

Halafu kuna hii nyingine ya "hiyo muvi ni damu tupu." Rudi uiangalie vizuri. Kuna msichana anatundikwa kwa ndoano ya nyama na hutaona ndoano ikiingia, ni akili yako inamalizia. Dairekta, Tobe Hooper, alikuwa amebana damu makusudi akitumai atapewa PG, cheti chenye hata watoto wanaeza kuingia, akapewa R, kile cha watu wazima. Uingereza waliinyima cheti miaka na miaka mpaka 1999, ju ya kitu chenye watu walidhani wameona.

Kwa maoni yangu ya kutisha ilikuwa nyuma ya kamera. Ile sini ya chakula cha jioni karibu na mwisho ilirekodiwa zaidi ya saa 24 mfululizo, madirisha yamezibwa ionekane ni usiku, joto la Texas, nyama na mifupa ya ukweli inaoza kwa meza chini ya taa za moto, watu wanatoka nje kutapika wanarudi. Gunnar Hansen, yule wa maski, hakuwai fua shati yake karibu mwezi mzima, waliogopa rangi itatoka na hawakuwa na nyingine. Na kale kamrija ka damu ya uongo kalipoziba, akachoka kungoja, akakata kidole cha mwigizaji mwenzake, Marilyn Burns, na kisu kweli. Ile damu unaona pale ni yake.

Ukitaka damu ya uongo iliyotulia enda kwa Psycho, 1960: maji ya bafu yanazunguka kwa shimo na kile cheusi kinatiririka ni siropu ya chokoleti, ju muvi haikuwa ya rangi na chokoleti ilikuwa inaonekana vizuri kuliko damu ya duka. Ile sini ya bafu ni dakika chache tu, ila ilichukua siku saba kuirekodi.

Ati Jason ndio muuaji wa ya kwanza

Hapa ndio watu huanguka. Friday the 13th ya kwanza, 1980, muuaji ni mama. Ni Bi Voorhees, mwanamke wa makamo na sweta yake, analipiza kisasi ju mtoto wake, huyo Jason, alizama walinzi wa kambi wakiwa kwa mambo yao. Jason anaanza kazi kwa ya pili, 1981, na hapo ana gunia kwa kichwa, hiyo maski ya hoki yenye kila mtu anachora kwa tishati inakuja ya tatu, 1982. Scream ya 1996 waliweka hiyo kitu kama swali la mtihani: yule dem wa mwanzoni anaulizwa kwa simu muuaji ni nani, anajibu Jason, na jibu hilo linamuua boyfriend wake.

Kuna wenye husema slasha, yaani hizi za muuaji wa kisu anayemaliza watu mmoja mmoja, zilianza na Halloween, 1978. Wakanada walikuwa wametoa Black Christmas 1974, na simu za kutisha zinatoka ndani ya nyumba hiyo hiyo, kila kitu kiko pale tayari. Lakini Halloween naipenda kwa vile ilivyo ya watu wenye hawana pesa. Bajeti ilikuwa kama dola laki tatu hivi. Ile maski ya Michael Myers ni sura ya Captain Kirk wa Star Trek, yaani William Shatner mwenyewe, walinunua dukani bei ya chini ya dola mbili, wakang'oa nyusi, wakapanua macho, wakapuliza rangi nyeupe. Na stori ni ya Illinois, msimu wa majani kuanguka, lakini unachoona ni California wakati wa machipuko. Walipaka majani rangi, wakayamwaga barabarani, sini ikiisha wanayaokota na mifuko ju ndio yale yale ya kutumia kesho. Ukiangalia nyuma ya yale majani utaona miti iko kijani kabisa, na kuna mahali minazi inachungulia.

Freddy sasa

Freddy Krueger wa A Nightmare on Elm Street, huyu kila mtu anajua ni wa kutungwa, uso umeungua, kucha za visu, anakuua ndotoni. Na ndio huyu ana kitu cha ukweli ndani kuliko wote, na hakuna mtu wa kuuza muvi amewai kuniambia hivyo. Wes Craven, dairekta wake, alikuwa amesoma kwa Los Angeles Times habari za wakimbizi wa Kihmong kutoka Laos, wanaume wachanga wenye afya, wamevuka vita wamefika Marekani salama, halafu wanalala usiku na hawaamki. Kulikuwa na kijana alikuwa anaogopa kulala, anajizuia siku na siku, mwishowe akalala, familia ikamskia akipiga mayowe, na kufika wakampata amekufa. Miaka baadaye madaktari walikuja kuyahusisha mengi ya vifo hivyo na hitilafu ya umeme wa moyo yenye huitwa Brugada. Kwa hivyo A Nightmare on Elm Street, 1984, haikuandikwa stori ya ukweli mahali popote na ilikuwa na haki kuliko ile ya msumeno.

Ati za kutekwa na eliyeni zinafuata vile mhusika alisema

Fire in the Sky, 1993. Travis Walton alikuwa mkata miti Arizona, akapotea msituni jioni ya tarehe 5 Novemba 1975 mbele ya wenzake, akarudi baada ya siku tano akisema alichukuliwa. Hiyo sehemu ya ndani ya chombo, yule jamaa amefunikwa na ngozi ya mpira, ute kila mahali, sindano inateremka kwa jicho, ukiulizwa sini gani imewai kukunyima usingizi utasema hiyo. Walton hakusema hivyo. Yeye alisema aliamka kwa meza, akaona viumbe wafupi wenye vichwa vya upara na macho makubwa, halafu wengine wenye sura ya binadamu kabisa. Studio iliona hiyo imepoa na inafanana na stori zingine, mwandishi akalazimika kutunga upya. Kwa hivyo ile kitu ilikutisha zaidi ndio ile hakuna mtu aliwai hata kudai ilifanyika.

Kuna kitu kingine hapo. Wiki mbili hivi kabla Walton apotee, tarehe 20 Oktoba 1975, runinga ya NBC ilikuwa imeonyesha The UFO Incident, kuhusu Betty na Barney Hill, bwana na bibi walisema walitekwa New Hampshire 1961 wakitoka safari ya Kanada. Wenye hawamwamini Walton hupenda sana hiyo tarehe. Na wale husema eliyeni huteka wazungu peke yao, Barney Hill alikuwa Mmarekani mweusi, mfanyakazi wa posta, na kwa hiyo muvi aliigizwa na James Earl Jones, yule mwenye sauti ya Mufasa. Daktari mwenye aliwafanyia hipnosi hakukubali kwamba walitekwa, aliona stori ilitoka kwa ndoto za Betty.

Mbaya zaidi kwa hii sekta yote ni The Fourth Kind, 2009. Mwigizaji Milla Jovovich anasimama mwanzoni anakuambia kwa uso mkavu kwamba haya ni ya kweli na video za daktari halisi ziko ndani. Huyo "daktari halisi" ni mwigizaji pia. Mji wa Nome wenye muvi inasimulia uko Alaska kweli, na watu walikuwa wamepotea huko kweli, lakini FBI walipochunguza walipata ni pombe na baridi. Muvi yenyewe sehemu kubwa ilirekodiwa Bulgaria. Na watu wa kuitangaza walikuwa wametengeneza habari za uongo mtandaoni wakitumia majina ya magazeti ya Alaska, studio ikabidi ilipe dola 20,000 kumaliza hayo maneno. Hii mimi siwezi kuisamehe, ju hao waliopotea walikuwa na familia, na wengi walikuwa wenyeji asili wa Alaska.

Unaeza cheka wazungu na eliyeni wao, lakini jamaa zetu wa pwani wanamjua Popobawa, lile jini la usiku. Mwaka wa 1995 hofu yake ilianza Pemba ikafika Unguja, watu wakawa wanalala nje kwa makundi karibu na moto ju alikuwa anaingia usiku, mtu yuko macho, hawezi kusonga, kitu kimemkalia kifuani. Sasa soma stori za kutekwa za Marekani: usiku, kitandani, mwili umekufa ganzi, kuna mtu chumbani. Ni jinamizi lile lile, kuna watafiti wamesema hivyo kuhusu zote mbili. Tofauti ni kwamba Hollywood haijamtolea Popobawa muvi, na nikiambiwa nichague nani aingie kwa nyumba yangu, acha eliyeni aje.

Ati mweusi hufa kwanza

Hii ina ukweli kidogo na imekuwa wimbo. Alien, 1979, wa kwanza kufa ni mzungu, Kane, na Parker wa Yaphet Kotto anafika karibu na mwisho. Night of the Living Dead, 1968, Duane Jones ndio shujaa na anaishi kuliko wote kwa ile nyumba, halafu asubuhi anapigwa risasi na watu waliokuja kuokoa. Kwa hivyo ya kulalamikia ni kwamba hatufikishwi mwisho, sio kwamba tunaanza. The Shining, 1980, ndio ya kukasirisha: mpishi Hallorann anasafiri kwa theluji nchi nzima, anaingia mlangoni, shoka. Kwa kitabu alikuwa amepona. Siku hizi Lupita wetu amecheza Us, 2019, akiwa watu wawili kwa muvi moja, na A Quiet Place: Day One, 2024. Hiyo ya Us ndio muvi ya pekee ya kutisha nimeona mtaani watu wakiibishania wiki nzima.

Za haraka haraka: The Blair Witch Project, 1999, hakuna mtu alipotea, wale waigizaji watatu waliandikwa kwa mtandao kama wamepotea ndio tiketi zinunuliwe. Amityville, ile ya nyumba ya mapepo, familia ya DeFeo iliuawa humo kweli 1974, lakini hizo stori za mapepo za waliohamia baadaye, wakili mmoja alisema 1979 kwamba yeye na wao walizipika pamoja wakinywa divai. Paranormal Activity iligharimu kama dola 15,000 na kuingiza zaidi ya milioni 190, kwa hivyo mtu asikuambie ni lazima pesa.

Na ati Kenya hatuna

Tuko nayo, The Ghost and the Darkness, 1996, na mambo yenyewe yalitokea kweli: simba wawili wa Tsavo 1898, reli ya Mombasa ikisimama ju wafanyakazi wanatolewa kwa hema usiku wakiliwa. Ila muvi ilirekodiwa Afrika Kusini, na simba wake wana manyoya ya shingoni, wale wa Tsavo hawakuwa nayo. Hesabu ya watu 135 walioliwa ni ya Patterson, yule mhandisi wa reli aliyewaua hao simba, na utafiti wa kemia ya mifupa na manyoya yao wa 2009 ulikadiria kama 35. Yule muwindaji wa Michael Douglas ni wa kutungwa, hakuna mtu kama huyo alikuja. Patterson aliua wa kwanza tarehe 9 Desemba, wa pili tarehe 29, akakaa na ngozi zao kama zulia miaka 25, kisha 1924 akaziuzia Field Museum ya Chicago kwa dola 5,000, na ziko huko mpaka leo zimejazwa zikasimamishwa kwa kioo.