Bwawa, dhahabu na msitu: maswali na majibu kuhusu maliasili na afya katika nchi za tropiki

Bwawa hutupa umeme na maji ya kumwagilia. Kichocho kinaingiaje hapo?

Kinaingia kupitia konokono. Mto wenye kasi humsumbua konokono wa maji baridi, lakini bwawa na mifereji humpa maji yaliyotulia na magugu ya kujishikiza. Mgonjwa wa kichocho akikojoa au kujisaidia majini, mayai huanguliwa na vijidudu humwingia konokono. Humo huzaliana kwa wiki kadhaa, kisha hutoka kwa maelfu kutafuta ngozi ya mtu. Hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, saa zilezile watoto wanapoogelea. Wala havihitaji kidonda: dakika chache majini zinatosha kuvipenyeza.

Tazama mto Senegal. Bwawa la Diama lilikamilika mwaka 1986, likazuia maji ya chumvi yasipande kutoka baharini, na kilimo cha umwagiliaji kikapanuka. Miaka michache baadaye mji wa Richard-Toll ukakumbwa na mlipuko mkubwa wa kichocho cha tumbo. Kulikuwa na jambo jingine ambalo ni rahisi kulisahau: kamba. Kamba wa mtoni hula konokono, lakini ili azaliane hana budi kuteremka hadi maji yenye chumvichumvi. Ukuta ulimfungia njia.

Nikimeza dawa si nimemalizana nacho?

Kwa leo, ndiyo. Prazikwanteli huua minyoo iliyomo mwilini, lakini haikukingi ukirudi majini kesho. Maji ya kuoga yakihifadhiwa siku mbili kwenye chombo kisicho na konokono, vijidudu hivyo hufa vyenyewe.

Zebaki ya wachimbaji wadogo wa dhahabu ina ubaya gani, mbona wanaishika kila siku na hawafi?

Kuishika si salama, ila hatari kubwa iko kwenye moshi wake. Mchimbaji huchanganya zebaki na mchanga uliosagwa, nayo hunasa chembe za dhahabu na kuwa donge la rangi ya fedha. Donge hilo huwekwa kwenye kikaango juu ya moto: zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Mvuke huo hauonekani wala haunuki, na anayeuvuta si mchomaji peke yake. Kama anachomea jikoni, mama na mtoto wanavuta pia. Baada ya muda mikono hutetemeka, usingizi hupotea, kumbukumbu hupungua. Watu husema ni uchovu wa mashimoni.

Zebaki inayofika mtoni hubadilishwa na bakteria kuwa aina kali zaidi, ambayo hujikusanya kwenye samaki, hasa wakubwa wanaokula wenzao. Mjamzito akila samaki hao mara kwa mara, anayeumia zaidi ni mtoto tumboni, kwenye ubongo. Chombo cha kuchomea kilichofungwa, chenye bomba la kurudisha mvuke uwe zebaki tena, hupunguza sana hatari. Binafsi sielewi kwa nini machimbo mengi bado hayana kifaa hicho, maana kinamwokolea mchimbaji hata zebaki yake.

Asiyetumia zebaki yuko salama?

Si lazima. Katika jimbo la Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, mawe ya dhahabu yenye risasi, madini yenye sumu, yalisagwa majumbani, wakati mwingine kwa mashine za kusagia nafaka. Vumbi likatanda uani wanakotambaa watoto. Zaidi ya watoto 400 walikufa.

Msitu nao? Si ndiko zinakotoka dawa?

Kweli. Kwinini, dawa ya malaria, ilipatikana mwaka 1820 kutoka magome ya mti wa milima ya Andes. Artemisinini, nayo dawa ya malaria, ilitokana na mmea uliotumika zamani katika tiba ya Kichina, na mtafiti wake, Tu Youyou, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Lakini kuchemsha majani ya mmea huo na kuyanywa kama chai si tiba ya malaria. Kiasi cha dawa kwenye kikombe hakijulikani, na kikiwa kidogo vimelea vinabaki hai na kujifunza kuvumilia dawa. Mwenye homa apimwe, na akikutwa na malaria amalize dozi ya dawa mseto aliyopewa, hata kama homa imeshuka siku ya kwanza.