Kwa nini ndimu hukata maziwa ya chai, lakini ganda la chungwa halikati?

Chai ya rangi ikikamuliwa ndimu hunyweka vizuri. Chai ya maziwa yenye tangawizi, iliki na mdalasini nayo ndiyo kifungua kinywa cha watu wengi, kuanzia Mombasa hadi Mwanza. Anayetaka vyote viwili katika kikombe kimoja, yaani maziwa yenye viungo na ile harufu kali ya ndimu, hufanya jambo linaloonekana la kawaida kabisa: hukata ndimu na kuikamulia kwenye sufuria. Muda si muda chai imekatika. Chembe nyeupe zinaelea, maji yenye rangi ya hudhurungi yanajitenga chini, na ulimi unakuta mabonge.

Hapo ndipo lawama huanza. Maziwa yalikuwa ya jana. Hayakuchemshwa vya kutosha. Ndimu ilitiwa kwa pupa, ingedondoshwa tone moja moja. Sukari ilipaswa kutangulia. Wengine wanashauri maziwa ya boksi, wengine ya unga. Ushauri huu umesambaa sana na karibu wote haufai, kwa hiyo inafaa kuupitia.

Maziwa ya asubuhi hii, yaliyotoka moja kwa moja kwa ng'ombe, yatakatika kwa ndimu sawasawa na ya jana. Ya jana yana udhaifu wake: bakteria wakishaanza kuyachachua, hukatika yenyewe yakipata moto, hata bila ndimu. Lakini upya wa maziwa haukingi chochote mbele ya ndimu. Kuchemsha zaidi ndiko kunakoharibu, kwa sababu joto huharakisha kukatika. Sukari huficha uchachu mdomoni tu, haipunguzi asidi hata kidogo. Maziwa ya boksi na ya unga yana protini ileile. Kudondosha polepole huchelewesha tu: ama utaacha mapema, kabla ndimu haijasikika, ama utaendelea mpaka mabonge yatokee. Tui la nazi, ambalo nalo husemwa limekatika, ni habari nyingine. Huko mafuta ndiyo yanayojitenga na maji.

Chini ya ushauri wote huo kuna dhana moja iliyojificha, nayo ndiyo kosa lenyewe: kwamba ladha ya ndimu imo kwenye maji yake. Maji ya ndimu yana uchachu, na uchachu huo ni asidi ya sitriki. Lakini kile kinachoifanya ndimu inukie kama ndimu, na chungwa kama chungwa, kwa sehemu kubwa ni mafuta yaliyomo kwenye ganda. Ziba pua, weka tone la maji ya ndimu ulimini, na utabaki na uchachu mtupu, ambao siki nayo inao. Vitu hivi viwili vimekaa pamoja ndani ya tunda moja, ndiyo maana tumezoea kuviona kitu kimoja. Maziwa hayavioni hivyo. Yanaligomea moja na kulipokea la pili kwa mikono miwili.

Tuanze na lile yanaloligomea. Karibu asilimia 80 ya protini za maziwa ya ng'ombe ni aina iitwayo kaseini. Haikuyeyuka kama chumvi inavyoyeyuka majini. Imejikusanya katika vidonge vidogo mno, kila kimoja kikiwa na upana wa sehemu moja au mbili kati ya elfu kumi za milimita, na ndani yake kimeshikiliwa pamoja na kalsiamu fosfeti. Weupe wa maziwa kwa kiasi kikubwa unatokana na vidonge hivi kuutawanya mwanga. Nje ya kila kidonge kuna kitu kama vinyweleo, navyo vina chaji hasi ya umeme, kwa hiyo vidonge husukumana na kila kimoja huelea peke yake.

Fikiria ngalawa zilizotia nanga karibu karibu, maji yamejaa. Kila ngalawa ina mbao zake za pembeni, na kwa sababu ya mbao hizo mitumbwi yenyewe haigusani hata upepo ukiisukuma. Hugongana mbao kwa mbao na kuachana. Sasa ziondoe mbao zote kwa mkupuo. Mawimbi ni yaleyale, upepo ni uleule, lakini mtumbwi unauegemea mwenzake, wa tatu unaingia katikati, kamba zinashikana, na baada ya muda umepata rundo moja zito lisilotenganishika. Asidi ndiyo inayoziondoa mbao. Huifuta ile chaji hasi, vinyweleo hunywea, na kalsiamu iliyokishikilia kidonge nayo huanza kuyeyuka na kutoka. Joto ndilo wimbi: kadiri maziwa yalivyo ya moto, ndivyo vidonge vinavyogongana kwa kasi na kwa nguvu. Kwa hiyo chai inayotokota ni mahali pabaya kuliko pote pa kukamulia ndimu.

Kwa tarakimu, kwenye pH, kipimo cha asidi ambacho namba yake hushuka kadiri asidi inavyozidi, maziwa mabichi ni karibu 6.7, na maji ya ndimu ni kati ya 2 na 3. Kila hatua moja ya kipimo hicho ni mara kumi, hivyo ukali wa ndimu huzidi ule wa maziwa kwa maelfu ya mara. Kaseini hupoteza chaji yake kabisa kwenye pH 4.6, lakini maziwa ya moto hukatika kabla ya kufika huko, pH ikiwa bado juu ya 5. Mpaka wenyewe huhama kidogo kulingana na joto, maziwa na ukali wa majani, kwa hiyo hakuna idadi ya matone inayoweza kuandikwa kuwa salama kwa kila jiko. Mabonge yenyewe hayana madhara. Wahindi huyatafuta kwa makusudi: hutia ndimu kwenye maziwa yanayochemka, huchuja kwa kitambaa, hukandamiza, na kupata jibini la paneer.

Sasa ganda. Mtazame muuza machungwa wa Dar es Salaam akiwa kazini. Kisu chake kinaondoa ganda la kijani tu, jembamba kama karatasi, kwa mzunguko mmoja mrefu, na kuliacha tunda limevaa utando wake mweupe. Utepe ule unaoanguka kwenye ndoo ya taka ndio hasa unaotafutwa hapa. Ukiushika karibu na jicho utaona vitone vinavyopitisha mwanga. Kila kimoja ni kifuko cha mafuta. Ukiupinda mbele ya mshumaa, upande wa nje ukielekea mwali, mafuta yanaruka na kuwaka kwa cheche ndogo za manjano. Na usihofu ukijani wake. Machungwa ya Muheza huiva ndani huku nje bado ni ya kijani, kwa kuwa usiku wa kwetu hauna ule ubaridi unaoondoa rangi ya kijani kwenye ganda.

Mafuta hayo, ambayo katika chungwa zaidi ya asilimia 90 ni limonini, hayana asidi ya kuikata kaseini. Tena hayapendi maji, yanapenda mafuta. Katika chai ya rangi mengi huelea juu na kupotea na mvuke. Katika chai ya maziwa, mafuta ya maziwa huyashika na kuyapeleka mpaka kwenye ulimi. Chai ya Earl Grey ilijengwa juu ya jambo hilihili: majani meusi yaliyotiwa mafuta ya ganda la bagamoti, tunda chachu la jamii ya machungwa, na wengi Uingereza huinywa kwa maziwa bila shida yoyote.

Anayependa harufu ya limau kuliko ya chungwa ana njia fupi zaidi, na mimi naiona ya kustaajabisha: mchaichai. Ni nyasi, haina undugu wowote na mlimau. Lakini sehemu kubwa ya mafuta yake ni sitrali, ileile inayoipa limau harufu yake, na katika mafuta ya limau lenyewe sitrali ni asilimia chache tu. Majani ya mlimau nayo yanafaa.

Kuna mtego mmoja umebaki, na hauhusiani na ndimu. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kiitwacho zingibaini, ambacho huvikata vinyweleo vya kaseini bila asidi yoyote. Huko Guangdong, kusini mwa China, hutumiwa kugandisha maziwa ya moto yawe kitindamlo laini cha kuliwa kwa kijiko. Maji yanayochemka hukiharibu, ndiyo maana tangawizi hutangulia kwenye maji kabla ya maziwa.

Basi kwa vikombe vinne. Chemsha vikombe viwili vya maji na kipande cha tangawizi kilichopondwa, iliki nne au tano zilizopasuliwa, kijiti cha mdalasini na karafuu mbili, kwa dakika tano au zaidi. Ukiwa na mchaichai, ufunge fundo uutie hapa. Weka majani ya chai, yaache dakika mbili, kisha mimina vikombe viwili vya maziwa yenye mafuta yake yote na uyangoje yapande. Zima moto. Hapo tu ndipo utie ganda la nusu chungwa au la chenza moja, lililooshwa na kusuguliwa vizuri, bila ule utando mweupe kwa kuwa una uchungu. Lipinde kwanza juu ya sufuria ili vifuko vipasuke. Funika dakika tatu, chuja, tia sukari. Ganda likichemka pamoja na chai, harufu yake huondoka na mvuke; likikaa muda mrefu, uchungu huingia.

Na anayetaka uchachu wenyewe, si harufu tu, aachane na maziwa siku hiyo. Akamulie ndimu kwenye chai ya rangi, na ataiona ikipauka palepale, kwa sababu rangi za majani ya chai nazo hubadilika zikikutana na asidi.