Uandikishaji wa shule ya msingi: namba ya ubaoni inasema nini

Ingia ofisi ya mwalimu mkuu kijijini Moshi, utakuta ubao wa takwimu ukutani: madarasa kuanzia awali hadi la saba, na safu tatu za WAV (wavulana), WAS (wasichana) na JML (jumla). Hiyo jumla ndiyo uandikishaji, yaani watoto wote ambao majina yao yamo kwenye vitabu vya shule mwaka huo. Waliofika leo asubuhi ni hesabu nyingine, mahudhurio, nayo hukaa kwenye rejesta ya kila darasa.

Namba ya ubaoni ina fedha ndani yake. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ruzuku ilipangwa kwa kichwa: shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, 6,000 zikienda shuleni na 4,000 zikitengwa kwa vitabu. Tuseme shule ya pale Kibosho ina wanafunzi 140. Kwa zile 6,000, ni shilingi 840,000 kwa mwaka, 70,000 kwa mwezi: chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichong'oka. Bati likivuja, bei yake dukani ni ileile ya shule yenye watoto elfu moja. (Si ajabu uhakiki wa 2016 uliibua "wanafunzi hewa", majina yasiyo na watoto, sehemu nyingi nchini.)

Walimu nao hupigiwa hesabu hiyohiyo. Uwiano unaotakiwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, kwa hiyo watoto 140 wanahitaji walimu watatu, wanne ukiwa mkarimu. Lakini madarasa ni manane! Kwa maoni yangu, shule ndogo huonewa zaidi hapo.

Asilimia pia zisikutishe. Darasa lenye wasichana 9 na wavulana 7 lina wasichana asilimia 56. Dada wawili wakihamia Arusha na mama yao, inashuka hadi 50. Afadhali kutazama miaka kadhaa kwa pamoja. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022, Kilimanjaro ilitoka watu 1,640,087 hadi 1,861,934, ongezeko la asilimia 1.3 hivi kwa mwaka, wakati taifa lilikua kwa 3.2. Vihamba, yaani mashamba ya ukoo ya Wachaga, vimegawanywa hadi vimekuwa vipande, vijana wanazalia mjini, na mwenye uwezo humpandisha mwanawe basi la njano kwenda shule ya Kiingereza.

Aliyehama huhamishwa rasmi kwenye PReM, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wanafunzi. Kwa hiyo namba ikishuka ghafla, muulize mwalimu mkuu kwanza: wangapi wamehama, na la kwanza wameingia wangapi?