Maji ya Kuoga Yasimalize Umeme wa Sola

Wengi wanaotaka kufunga sola huanza na swali moja: paneli ngapi zitatosha nyumba nzima? Sisi nasi huwarudishia swali: maji ya kuoga mnayachemshia nini? Gharama ya mfumo mzima hutegemea sana jibu hilo.

Chukua lita 100 za maji yenye nyuzijoto 20, uyapandishe hadi 60. Kazi hiyo inakula karibu uniti 4.7 za umeme (uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja). Taa 5 za LED za wati 10 kila moja, zikiwaka kwa muda wa saa 5 usiku, hutumia robo uniti tu. Sasa ipeleke hesabu hiyo kwenye betri. Betri ya asidi ya volti 12 yenye ampea-saa 200 hubeba uniti 2.4, lakini ukiizoeza kushuka chini ya nusu itakufa mapema, kwa hiyo umebaki na 1.2. Maji ya kuoga peke yake yanataka betri 4 za namna hiyo, na friji bado hujaiwasha.

Ndiyo maana tunashauri kazi hizi mbili, kuchemsha maji na kuzalisha umeme, zitenganishwe. Paneli hugeuza takriban sehemu moja ya tano ya nguvu ya jua kuwa umeme. Hita ya jua hugeuza nusu au zaidi kuwa joto, na haipiti kwenye betri wala inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uweze kutumika na vyombo vya nyumbani. Mahali ambapo kila mita ya mraba hupokea uniti 5 za jua kwa siku, hita ya mita 2 za mraba inatosha zile lita 100.

Yenyewe ni kifaa cha kawaida sana. Ni sanduku bapa lenye kioo juu, ndani mna bamba jeusi lililoshikamana na mabomba ya shaba. Maji yakipata moto huwa mepesi, yakapanda yenyewe hadi kwenye tangi lililo juu kidogo ya sanduku, na ya baridi yakashuka kushika nafasi yake. Hakuna pampu. Tangi nalo limefunikwa tabaka nene la kuzuia joto, hivyo maji ya jioni huamka yangali ya moto, kama chai ndani ya chupa. Mfumo huu si mgeni: Clarence Kemp wa Baltimore, Marekani, alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya hita ya jua mwaka 1891, miaka 63 kabla ya maabara za Bell, za huko huko Marekani, kuonyesha seli ya silikoni inayounda paneli za sola.

Siku za mawingu mfululizo utahitaji koili ya umeme ndani ya tangi. Iwekee swichi ya saa, la sivyo itachemsha alfajiri kile ambacho jua lingekichemsha bure saa nne. Na kama paneli zako hubakiwa na umeme mchana betri zikishajaa, upeleke kwenye koili hiyo. Hapo sina ubishi.

Kwa upande wa paneli, adui mkubwa ni kivuli. Kivuli cha tawi kwenye paneli moja kinaweza kushusha uzalishaji wa zote zilizounganishwa nayo kwa mfuatano. Acha pia nafasi ya hewa kati ya paneli na bati, kwa sababu paneli ikipata joto kali hutoa umeme pungufu.

Hita ina matunzo yake. Maji yenye chokaa huziba mabomba. Ndani ya matangi mengi ya chuma mna fimbo ya magnesi inayoliwa na kutu badala ya tangi. Ikiisha, kutu huhamia kwenye tangi lenyewe. Mwambie fundi aifungue na kuikagua kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Maji ndani ya tangi yafike nyuzijoto 60 ili bakteria wasizaliane, lakini joto hilo linaunguza ngozi ya mtoto kwa sekunde chache, kwa hiyo weka vali ya kuchanganya maji ya moto na ya baridi kabla hayajafika bafuni.