Demio Yako Haihitaji Turbo: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli Kwenye Gran Turismo 7

Gran Turismo 7, mchezo wa video wa mbio za magari, inakuanzishia mahali ambapo mtu wa Dar es Salaam au Nairobi hashangai hata kidogo: yadi ya magari yaliyotumika. Mfukoni una krediti (pesa za mchezoni) za kubahatisha, na gari la kwanza unaelekezwa kulichagua kati ya matatu, Toyota Aqua ya 2011, Mazda Demio ya 2015 na Honda Fit Hybrid ya 2014. Mchezo ulitoka tarehe 4 Machi 2022 ukiwa na magari zaidi ya 400, kuanzia ya barabarani hadi ya mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, lakini kampuni ya Polyphony Digital ya Japani na bosi wake Kazunori Yamauchi waliona safari ianzie kwenye gari la kupeleka watoto shule.

Ndiyo maana sisi tunaingia kwenye mchezo huu kwa kujiamini. Magari tunayajua, lugha ya gereji tunaijua. Tatizo ni kwamba tunaingia pia na imani za kijiweni, na nyingine zinakutupa kwenye mchanga kona ya kwanza.

"Weka nguvu kwanza, mengine yatafuata"

Hii ndiyo mama yao. Mpwa wangu alipopata krediti zake za mwanzo alikimbia duka la pati, akaifungia Demio turbo (kifaa cha kuisukumia injini hewa ili ipate nguvu zaidi) kubwa kuliko zote zilizomtosha, tairi akaziacha zilezile zilizokuja na gari. Akaenda Tsukuba, kiwanja kidogo cha Japani chenye mzunguko wa kilomita 2 hivi na kona za kugeuka karibu nusu duara. Alitumia muda mwingi kwenye majani kuliko kwenye lami.

Demio, Aqua na Fit zinavuta kwa tairi za mbele. Tairi hizohizo mbili zinageuza gari, zinabeba sehemu kubwa ya kazi ya breki, na zinapokea nguvu zote za injini. Mshiko wa tairi una kikomo: ukiutumia wote kwenye kuvuta, wa kugeuza haubaki. Ukikanyaga mafuta katikati ya kona, gari linakwenda moja kwa moja kama halina usukani. Ukiongeza nguvu juu ya hapo, unaongeza ugonjwa.

Turbo yenyewe nayo si moja. Dukani zipo za mzunguko wa injini wa chini, wa kati na wa juu. Ya mzunguko wa juu inakupa tarakimu kubwa kwenye kioo, ndiyo inayowavutia watu, lakini nguvu hiyo inaamka injini ikiwa imeshapanda sana. Ukitoka kona kali kwa gia ya pili unasubiri, unasubiri, halafu inakuja yote kwa mpigo. Kiwanja kifupi kinataka ile ya chini.

Anza na tairi. Mchezo umezigawa makundi matatu makubwa ya lami: Comfort, Sports na Racing, na kila kundi lina ngumu, ya kati na laini. Kutoka Comfort kwenda Sports tofauti unaisikia kwenye breki kabla hata hujafika kwenye kona. Zikifuata breki na kupunguza uzito, Demio isiyoguswa injini inaweza kuziacha gari zenye nguvu za farasi nyingi zaidi pale Tsukuba.

Ila hapa pana hesabu ambayo wengi huikwepa. Kila gari lina alama zake za uwezo, PP, na mbio nyingi zina kikomo, tuseme 600 au 700. Alama hizo hazihesabu farasi tu. Zinachanganya nguvu, uzito, tairi, hata mkandamizo wa hewa. Kwa hiyo kila kitu unachofunga unakilipia. Swali la fundi mzuri si "gari linaweza kufika wapi?" bali "alama zangu 700 nizitumie kwenye nini?" Ndiyo maana duka linauza pia kizuizi cha kupunguza nguvu na mzigo wa kuongeza uzito, vitu ambavyo mgeni huviona kama utani. Wanaojua wananyonga injini kwa kizuizi ili alama zilizobaki ziende kwenye tairi na wepesi.

Kwenye mbio za dakika 30 za Le Mans zenye kikomo cha 700, hesabu inaingia ndani zaidi, maana mafuta yanaisha na tairi zinalika. Ukiwa njiani unaweza kubadilisha mchanganyiko wa mafuta kutoka 1, unaokunywa kama lori, hadi 6 wa kubana. Gari la nguvu nyingi linaingia pit, yaani kituo cha kujaza mafuta na kubadili tairi, mara nyingi kuliko lile la kiasi, na kila ukisimama pit, mwenzako yuko kwenye ule mnyoofu wa kilomita karibu 6. Nimeshapitwa hivyo na gari nililolidharau tangu mwanzo wa mbio, na mvua ikanikuta na tairi za lami kavu juu yake.

"Gari likilala chini kabisa ndiyo linashika"

Kushusha gari kunashusha kitovu cha uzito, hilo ni kweli, na mwili unalala kidogo kwenye kona. Lakini shokapu inahitaji nafasi ya kufanya kazi. Ukilishusha mpaka mwisho kisha ukaenda Nordschleife, barabara ya kilomita karibu 21 yenye mabonde, vilima na kingo za kupandia, tumbo linagonga chini na tairi zinanyanyuka. Tairi iliyo hewani haigeuzi wala haifungi breki. Anayepita kwenye matuta yetu na gari lililokatwa springi hahitaji kuelezwa zaidi.

Ugumu wa springi mchezo unaupima kwa hezi, yaani mwili wa gari unacheza mara ngapi kwa sekunde. Namba ndogo ni laini, namba kubwa ni ngumu. Watu huivuta mpaka juu kwa sababu gari la mashindano "lazima liwe gumu". Gari la mashindano linatembea kwenye lami nyoofu na lina mabawa yanayolikandamiza. Demio haina.

Na hata ukipata setingi nzuri, usiishike kama hati ya nyumba. Sasisho namba 1.49 la Julai 2024 lilibadilisha jinsi springi na tairi zinavyofanya kazi, na baadhi ya magari yaliyochezewa setingi yakaanza kuruka angani kama puto, mengine yakizunguka huko juu. Video zake zilichekesha kuliko mchezo wenyewe. Siku chache baadaye Polyphony walitoa marekebisho, lakini waliokuwa na madaftari ya setingi walianza upya.

"Magari mapya ya sasisho ndiyo makali"

Neno lenyewe "jipya" linatupotosha, na sisi tungepaswa kulielewa kuliko mtu yeyote. Kwetu gari jipya ni lililoshuka bandarini wiki iliyopita likiwa na miaka minane. Kwenye mchezo ni vilevile. Sasisho hilohilo la 1.49 lilileta BMW M3 ya 1997, Subaru Impreza WRX STi ya 2004 na Volkswagen Golf GTI ya 1983. Kati ya yote, Impreza ndiyo iliyoshangiliwa huku kwetu, na sababu inajulikana: dereva Colin McRae wa Uskoti alishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1997 akiwa na Impreza, na tangu hapo jina hilo halijapoa.

Suzuki Carry nayo imo mchezoni. Ndiyo, kirikuu. Mtu anayedhani kila gari linaloongezwa ni la kumshinda jirani na alitazame lile bodi la mzigo. Masasisho haya ni ya bure, magari yenyewe unayanunua kwa krediti zako za mchezoni, na yanawekwa kwa ajili ya historia, ucheshi na mapenzi kama yanavyowekwa kwa ajili ya kasi.

"Setingi za bingwa ni dawa"

Nusu kweli. Setingi nzuri inakuonyesha mwelekeo, ila aliyeitengeneza ana usukani wenye pedali na wewe una padi ya vidole gumba. Chukua difu, kifaa kinachogawa nguvu kati ya tairi ya kushoto na ya kulia. Ile ya kurekebishwa ina vipimo vitatu: mkazo wa mwanzo, mkazo wakati wa kukanyaga mafuta, na mkazo wakati wa breki. Kwenye gari linalosukuma kwa nyuma, mkazo mkubwa wa mafuta unazifunga tairi mbili zizunguke pamoja. Ukikanyaga taratibu linatoka kwenye kona kama mshale, ukikanyaga ghafla mkia unachomoka. Bingwa mwenye pedali anakanyaga kwa milimita. Kitufe cha padi nacho kinabonyezwa kidogokidogo, lakini kidole chenye hofu hakijui kidogo.

Ukikopa setingi, badilisha kitu kimoja, piga mizunguko mitatu, kisha rudi. Ukibadilisha vitano kwa pamoja hutajua kipi kimeponya na kipi kimeua. Mafundi wa umeme wa magari wanaijua hii.

"Pati ni pati, ukichoka unaifungua"

Hapana. Tairi, turbo, ekzosti, springi, hizo unazitoa na kuzirudisha. Lakini kupunguza uzito wa bodi si pati ya kufungua na kurudisha, na kuikaza bodi vilevile. Kupanua silinda, kurefusha mwendo wa pistoni na kusawazisha injini ni kazi za ndani. Ukishazifanya, njia ya kurudi ni kununua injini mpya. Hili linauma pale unapotaka gari lirudi chini ya kikomo cha mbio ndogo. Soma maandishi ya onyo kabla ya kubonyeza.

Oili nayo watu hudhani ni mapambo. Gari linavyotembea, oili inachoka na nguvu zinashuka. Ukipita GT Auto, gereji ya mchezoni, kubadilisha, zinarudi. Gari la yadi lenye kilomita nyingi fanyia sevisi kwanza, ndipo ufikirie turbo.

"Bila pesa halisi hufiki popote"

Dhana hii ina asili yake na siwezi kuwalaumu wanaoishikilia. Mwanzoni dola 20 zilinunua krediti milioni 2, wakati McLaren F1 iliuzwa krediti milioni 18.5. Piga hesabu: ni karibu dola 185 kwa gari moja lisiloweza kukupeleka Kariakoo. Machi 2022 mchezo ukazimika zaidi ya saa 30, na kwa kuwa karibu kila kitu kinahitaji intaneti, hata wanaocheza peke yao walifungiwa nje. Hasira zikalipuka. Yamauchi akaomba radhi, wachezaji wakapewa krediti milioni 1, na mwezi Aprili malipo ya mbio yakapandishwa.

Baada ya hapo zile dakika 30 za Le Mans zikaanza kulipa krediti 825,000 kwa mshindi aliyeendesha bila kugongana. Kununua kwa pesa bado kupo, ila ni kwa asiye na subira. Ukitembea kilomita 42 kwa siku unapewa pia tiketi ya bahati nasibu, ambayo kwa uzoefu wangu ina mapenzi ya ajabu na zawadi ndogo kuliko zote.

"Mtandaoni anashinda mwenye setingi kali"

Kwenye mbio za kila siku za Sport Mode, mara nyingi setingi zimefungwa kabisa. Mfumo wa kusawazisha magari, BoP, unapanga nguvu na uzito ili Toyota, Porsche na Mazda zikaribiane, na kila aliyechagua gari fulani ana gari lilelile kama mwenzake. Turbo yako iko nyumbani. Kinachobaki mkononi ni uwiano wa breki kati ya mbele na nyuma, msaada wa kuzuia tairi zisizunguke bure, mchanganyiko wa mafuta, na mguu.

Ni kwa mguu huo ndipo Lucas Ordóñez wa Hispania alishinda GT Academy, shindano la kuwageuza wachezaji wa Gran Turismo kuwa madereva halisi, mwaka 2008 na kumaliza wa pili katika daraja la LMP2, la pili kwa kasi, pale Le Mans halisi mwaka 2011. Jann Mardenborough wa Uingereza alifuata njia hiyohiyo na kumaliza wa tatu katika daraja hilo mwaka 2013. Igor Fraga, Mbrazili aliyezaliwa Japani, alitwaa ubingwa wa dunia wa Gran Turismo kule Monaco mwaka 2018. Pale fainali hapakuwa na aliyeruhusiwa kuja na springi zake.